Mbuzi wa Jicho la Paskazia

Ukitaka kujenga kiwanda ufukweni Igogo, kwanza lazima uyaondoe mawe, na mawe ya Mwanza hayaondoki kwa kuombwa. Mengine ni makubwa kuliko nyumba. Yamekaa pale tangu enzi ambazo hakuna anayezijua, kenge wanaota jua juu yake, ndege wa ziwani wameyapaka chokaa ya mavi yao, na nyundo ikiyapiga inaruka nyuma kama imetukanwa. Kwa hiyo watu huyachoma. Wanalizungushia jiwe magogo na matairi chakavu, moto unawaka usiku kucha, na asubuhi, jiwe likiwa bado linaunguza, wanawake wanapanga foleni kutoka ziwani na ndoo kichwani, wanalimwagia maji. Hapo jiwe linaanza kusema. Linalia ta, ta, ta, kama bisi kwenye sufuria, halafu linatoa mlio mmoja mzito tumboni, na ufa unalipitia kutoka juu mpaka chini. Ndipo wanaume wanaingia na mitaimbo na nyundo na kudai kwamba wao ndio waliolivunja.

Paskazia alikuwa mmoja wa wanawake wa ndoo.

Alizaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, akaolewa na Msukuma wa Sengerema, na mume alipofariki alibaki Mwanza mjini kwa sababu alikuwa na kazi. Na ilikuwa kazi kweli. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako vumbi ni jeupe na jepesi kama unga, na linaingia kila mahali. Kule walipewa kitambaa cha kufunika pua na miwani ya kioo yenye mpira nyuma, na mjumbe wa chama cha wafanyakazi alipita kila asubuhi akiwakagua kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Ukikutwa huna miwani, unarudishwa getini. Paskazia aliichukia ile miwani. Ilimbana masikio, ilimtoa jasho, na wenzake walimwambia anafanana na bundi.

Halafu yakaja mambo ya soko huria. Siku moja waliitwa wote uwanjani, meneja akawashukuru kwa utumishi wao mwema, akasema serikali haiwezi tena kubeba kila mtu mgongoni, na wiki iliyofuata mashine zilinyamaza. Paskazia alizunguka mji mzima akitafuta kazi. Kilichokuwa kinaota mjini wakati huo, mwaka wa tisini na nne, ni viwanda vya minofu. Sangara walikuwa wanatolewa ziwani, wanapasuliwa, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani kichwa na mifupa, yanabaki kwa wenye nchi. Kila baada ya muda unasikia kiwanda kingine kinajengwa. Na kabla ya kiwanda kuna jiwe, na kabla ya jiwe kupasuka kuna maji, na maji yanabebwa na nani kama si mwanamke?

Kontrakta wa ujenzi alikopata kazi Paskazia aliitwa Mihayo. Watu walimwita Bosi Mihayo. Alikuwa mtu wa hapa hapa, Msukuma mwenye mwili mkubwa na sauti ya taratibu, asiyegombeza mtu hadharani. Kazi ya kugombeza alimwachia msimamizi wake, Khalidi, mwembamba mwenye filimbi shingoni, ambaye aliipuliza hata pale ambapo kuita kwa mdomo kungetosha.

Siku ya kwanza Paskazia alimwuliza Khalidi, "Miwani yetu iko wapi?"

"Miwani ya nini, mama?"

"Ya macho. Jiwe linarusha vipande."

Khalidi alicheka mpaka filimbi ikamruka kifuani. "Unataka kwenda kutalii Serengeti? Hapa kuna ndoo. Ukitaka miwani nenda kwa wazungu wa minofu."

Basi ikawa hivyo. Lakini wanawake wa ndoo walikuwa na utaratibu wao, na aliyewafundisha ni Sihaba, mwanamke wa Kiislamu mzaliwa wa mjini, mwenye mdomo usiolala na mabega kama ya kuli. Utaratibu ulikuwa huu: anamwaga mmoja, si wote. Ukimwaga, unageuka, unachuchumaa, unalipa jiwe mgongo. Linalia weee mpaka linyamaze. Likinyamaza ndipo anakwenda wa pili. Kazi inachukua muda mrefu, na Khalidi aliuchukia ule muda kama alivyochukia mvua.

Siku yenyewe, wenye kiwanda walikuwa wanakuja kuona msingi. Na msingi haukuwepo, maana pale ambapo ungekuwa lilikaa jiwe. Khalidi alipuliza filimbi tangu ndoo ya kwanza.

"Leo hakuna mambo ya kuchuchumaa. Mwageni wote kwa pamoja, zungukeni jiwe, moja, mbili, tatu, basi."

"Ngosha, hulazimishi jiwe," Sihaba alimwambia, akimwita jina ambalo watu huwaita wanaume wa Kisukuma, ingawa Khalidi si Msukuma, kwa kumuudhi tu.

"Asiyetaka aache ndoo aende zake. Wako wengine hapo nje."

Na kweli walikuwepo. Kila asubuhi nje ya uzio wa mabati walikaa watu wakisubiri mwenzao aumwe, achelewe au afukuzwe. Paskazia aliwatazama, akaipandisha ndoo.

Walimwaga wote kwa pamoja. Mvuke ulipanda mweupe, mtu hakumwona jirani yake. Jiwe halikusema ta, ta, ta. Lilisema mara moja tu. Paskazia hakusikia maumivu, alisikia kama mtu amemtupia mchanga wa moto usoni, na alipoweka kiganja kwenye jicho la kushoto kiganja kilikuwa na joto na maji, akadhani ni maji ya ndoo.

Khalidi alimsafirisha hospitali kwa lori la kokoto. Kule wakamsafisha, wakamfunga bandeji nusu ya kichwa, wakamwambia arudi. Mtaani Mabatini, kwenye chumba chake cha kupanga, alilala akiisikiliza damu ikimpiga kwenye fuvu.

Ndugu wa karibu kwa upande wa mume alikuwa shemeji yake Nkwabi, mkulima wa Sengerema. Alipopata habari alivuka na feri ya Busisi, akafika na mfuko wa viazi na uso wa mtu aliyekuja msibani. Alikuwa mtu mwema Nkwabi, na hilo lisisahaulike, kwa sababu mambo yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu alisahau.

Jumapili Bosi Mihayo alikuja mwenyewe.

Hebu fikiria. Pikapu inapanda kilima cha Mabatini, pale ambapo njia ni mawe na mawe ni ngazi za nyumba za watu, inaishia chini, na bosi anapanda kwa miguu akihema, amevaa shati jeupe, nyuma yake kijana amebeba sukari na khanga, na kamba mkononi mwa bosi mwenyewe, na kwenye kamba, beberu. Majirani wote walitoka. Tajiri hakuwahi kupanda kule.

Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alivuta kigoda akakaa chini kama mtoto wa nyumbani. Akaongea na Nkwabi Kisukuma, wakaulizana koo, wakakuta bibi zao walichota maji kisima kimoja. Akampa pole Paskazia kwa mikono miwili.

"Dada yangu, kazi ni kama vita. Nimeumia kama wewe ulivyoumia."

Paskazia alitaka kusema kwamba hapana, hukuumia kama mimi, wewe una macho mawili. Lakini mtu aliyepanda kilima chote kile na beberu unamjibu vipi? Alisema, "Asante, bosi."

Nkwabi alimchinja yule beberu. Wakala pamoja, Bosi Mihayo akanawa kwenye beseni moja na watu wa nyumba, akala kwa mkono, akasifia mchuzi. Majirani wakala. Mwishoni Nkwabi akamwita shemeji yake, akampa mguu mzima wa nyuma aliokuwa ameutenga, akasema, "Shemeji, mpe mgeni aende nao nyumbani kwake. Mpe kwa mkono wako."

Paskazia aliutoa kwa mikono miwili, bandeji usoni, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. Kwao kisiwani mgeni mkubwa haondoki mikono mitupu, na alijisikia kwamba leo ameheshimiwa. Akasema hata, "Karibu tena."

Ni kosa dogo kiasi gani. Mtu anatoa mguu wa mbuzi.

Wiki zikapita, bandeji ikatoka. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama yai la kuchemsha na halikuona kitu. Hilo alishalizoea. Asilolizoea ni kwamba lilianza kuuma upya, na asubuhi moja jicho la kulia, lile zima, likaamka jekundu, na mwanga wa jua ukawa unamchoma. Akarudi kwa daktari wa macho. Daktari alimmulika kwa muda mrefu, akakaa.

"Mama, hili la kushoto limekufa, lakini likiendelea kukaa humo linaweza kumvuta mwenzake. Inabidi litolewe, na lisicheleweshwe. Ukichelewa utapoteza yote mawili."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Kisha akamweleza habari za kuchangia, maana siku hizo hospitali ilikuwa ya kuchangia, na upasuaji, dawa na kitanda vyote vilikuwa na bei yake. Kiasi chenyewe Paskazia hakuwahi kukishika mkononi kwa mara moja.

Alikwenda moja kwa moja Igogo. Bosi Mihayo alikuwa amesimama kwenye kivuli cha kontena, akamkaribisha vizuri, akamwuliza habari za nyumbani, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akashangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli au uliigizwa vizuri sana.

"Dada Paskazia, lakini sisi tulishamaliza."

"Tulimaliza nini?"

"Shauri letu. Shemeji yako hakukueleza? Nilileta mbuzi, tukala nyumba mbili, ukanipa mguu kwa mkono wako. Mashahidi mtaa mzima. Mimi nilikuja kwa heshima, nikakosa nikasamehewa. Sasa unanifufulia maneno?"

Paskazia alisimama pale na jicho lake moja linalotoa machozi kwa jua. Alikuwa hajui. Kwa watu wa Nkwabi, nyumba mbili zikiwa na kisa, mkosaji huleta mbuzi, wanakula wote chungu kimoja, na aliyekosewa humkatia mkosaji mguu wa nyuma. Mguu ukishatoka, kisa kimetoka nao. Hakuna anayekidai tena, hata watoto wao. Kisiwani kwao mguu ni nyama tu.

"Lakini mimi nimeumia kazini kwako," alisema. "Huu si ugomvi wa ng'ombe kuingia shambani."

"Nenda salama, dada," alisema Bosi Mihayo kwa ile sauti yake ya taratibu. "Nikupe lifti?"

Sihaba ndiye aliyemwambia habari za Afisa Kazi. Ofisi ilikuwa mjini, ndani mkiwa na benchi refu na feni isiyozunguka. Afisa alikuwa mzee kidogo, mpole, mwenye kikohozi, na alimwambia kwamba iko sheria ya fidia kwa mtu aliyeumia kazini, jicho likiwemo. Paskazia alitoka mle akijisikia mwepesi. Siku ya kuitwa wote, akakuta Bosi Mihayo kwenye benchi, na pembeni yake Nkwabi, ameitwa kutoka Sengerema kuwa shahidi, amevaa koti la marehemu kaka yake.

"Ni kweli mlikula mbuzi?" Afisa alimwuliza Nkwabi.

"Ni kweli, mzee."

"Kwa ajili ya jicho hili?"

"Kwa ajili ya jicho hili."

"Na mguu ulitolewa?"

Nkwabi alimtazama shemeji yake, akatazama sakafu. "Ulitolewa."

Afisa alikohoa, akavua miwani. Akasema yeye hukaa na watu wenye ubishi, lakini hapa anaambiwa ubishi ulishakwisha, na ndugu wa mlalamikaji mwenyewe ndiye anayesema hivyo. "Nikiandika kwamba hamkupatana, nitakuwa nimeandika uongo. Mzungumze upya nyumbani."

Nje ya ofisi, chini ya ukuta ambapo wapiga picha za paspoti walitundika mapazia yao, Paskazia alimgeukia Nkwabi.

"Shemeji, umeniuza."

"Ulitaka niseme uongo?"

"Nilitaka uniambie. Siku ile ile. Uniambie Paskazia, mguu huu maana yake ni hii. Mlinipa nyama niitoe kama mtoto anayetumwa dukani."

"Nilidhani unajua. Umekaa na sisi miaka yote hiyo."

"Nimekaa na kaka yako. Kaka yako hakuwahi kunikosea kiasi cha mbuzi."

Nkwabi alitaka kucheka akaona si mahali pake. "Nilimwona mtu mkubwa amepanda kilima," alisema polepole, "amekaa kwenye kigoda chetu. Nikafurahi, shemeji. Nani aliwahi kutupandia kilima? Sikuliuliza jicho."

"Liulize sasa. Daktari anasema na hili lingine linaondoka."

Hapo Nkwabi akalitazama lile jicho jekundu. Alikuwa hajaambiwa hilo. Walitembea mpaka stendi, wakapanda basi wote wawili, na ni karibu na feri, abiria wakiwa wameanza kupanda, ndipo aliposema kwamba iko njia, ingawa hajawahi kuiona ikifanyika, ameisikia tu kwa babu yake. Mbuzi anaweza kurudi. Aliyekosewa anamrudisha mbuzi mzima, aliye hai, mbele ya watu, na mkosaji akiipokea kamba kwa mkono wake, kisa kinakuwa kama siku ya kwanza. "Lakini ni aibu kubwa. Unamwambia mtu msamaha wake hauna kitu. Na asipoipokea kamba, umepoteza mbuzi na maneno pia."

"Nitamtoa wapi mbuzi?" Paskazia aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kulia, na hata kulia kuliuma.

Mbuzi alitoka kwa Sihaba. Alikuwa anamlisha maganda ya ndizi uani kwa ajili ya Idi.

"Mchukue," alisema. "Idi itakuja tena mwakani. Macho hayaji mwakani." Kisha akaongeza, maana hakuweza kunyamaza kwa wema muda mrefu, "Na umwambie huyo shemeji yako Ngosha aje mwenyewe kusema hayo maneno ya babu yake, asituachie sisi wanawake mila za watu."

Walipanga iwe asubuhi ya kumwaga maji. Hilo lilikuwa wazo la Sihaba. Jiwe lililochomwa usiku kucha halisubiri. Likipoa bila maji, magogo yote, matairi yote na malipo ya wachomaji vimekwenda na moshi, na kesho unaanza upya. Na jiwe la asubuhi ile lilikuwa la mwisho kwenye njia ya msingi.

Khalidi alikuwa wa kwanza kumwona mbuzi.

"Nani kaleta mnyama kwenye saiti?"

"Mgeni wa bosi," alisema Sihaba, akaiweka ndoo yake chini, imejaa. Mwenzake akaweka yake. Wakaweka wote, mstari mzima kutoka ziwani, na kila mmoja akakaa juu ya jiwe dogo kama anayesubiri zamu ya kusukwa nywele.

"Mwageni maji."

"Tunamsubiri bosi."

Khalidi alipuliza filimbi. Mbuzi alishtuka, wanawake hawakushtuka. Wanaume wa mitaimbo walisogea kuona, na nje ya uzio wale wanaosubiri kazi walichungulia kwenye matundu ya mabati. Khalidi akawaelekea wao. "Nani anataka kazi sasa hivi?" Mmoja aliinuka. Sihaba akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, unajua jiwe kama hili lilimfanya nini yule mama?" Yule akamtazama Paskazia usoni, akakaa tena.

Pikapu ilipofika, jua lilikuwa limeshapanda juu ya mawe. Bosi Mihayo alishuka, akamwona mbuzi, akamwona Nkwabi akiwa ameishika kamba, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza utaratibu wake. Alielewa kabla ya mtu kufungua mdomo. Huyu si mtu wa kuelezwa mila.

"Mzee Nkwabi, usifanye hivyo."

"Nimefanya," alisema Nkwabi. "Tulikula mbuzi wako kwa jicho moja. Sasa tunaambiwa ni macho mawili. Jicho la pili hatukulila. Mbuzi wako huyu hapa."

"Nilileta beberu, mnaleta jike."

"Jike ana bei kuliko beberu," alidakia Sihaba. "Umepata faida, bosi, nyamaza."

Watu wakacheka. Bosi Mihayo alitia mikono mfukoni, ndani kabisa. "Na ule mguu niliokula nitautapika?"

"Huyu ana miguu yote minne," alisema Nkwabi. "Umerudishiwa."

Paskazia alichukua kamba kutoka kwa shemeji yake. Alitembea mpaka mbele ya Bosi Mihayo, karibu sana, kichwa amekiinamisha kidogo upande ili jicho la kulia limpate vizuri. Hakuwa na maneno aliyoyaandaa.

"Shika," alisema. "Mimi sikukusamehe. Nilikupa nyama."

Khalidi alikuwa amekwenda kuligusa jiwe. Alirudi akipuliza vidole, lakini hakuvipuliza kwa muda mrefu. "Bosi, linapoa."

"Naona."

"Matairi yameisha, bosi. Ya kuchomea tena hatuna."

Bosi Mihayo alilitazama jiwe. Aliwatazama wanawake waliokaa, ndoo zikimeta. Mikono ilibaki mfukoni kwa muda ambao kwa Paskazia ulikuwa mrefu kuliko ule wa kulala na bandeji, na alikuwa tayari kusimama pale mpaka jiwe liwe baridi kama lilivyokuwa jana. Halafu mkono mmoja ukatoka. Akaishika kamba kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu chenye kinyesi.

"Tutaonana kwa Afisa," alisema.

"Ndiko ninakotaka," alisema Paskazia.

Sihaba aliinuka, akajitwika ndoo, akawaambia wenzake, "Mmoja mmoja. Ukimwaga, chuchumaa." Khalidi hakupuliza.

Mtu angetaka kisa kiishe hapo, kwenye kamba. Lakini Paskazia hakuwa na nafasi ya kuishia hapo. Bosi Mihayo alilipa hospitali, kwa sababu Afisa Kazi alimwambia mbele ya watu kwamba kipofu wa macho mawili ni shauri zito kuliko chongo, na bosi anajua kupiga hesabu. Jicho la kushoto lilitolewa. La kulia likabaki jekundu siku nyingi, dawa ikitiwa asubuhi na jioni, mpaka siku moja Paskazia alifungua mlango na kuliona ziwa lote chini ya kilima, na visiwa, na moshi wa mapanki yanayokaangwa, na mwanga haukumchoma. Alikaa kwenye jiwe la mlangoni akatazama kila kitu, hata vitu visivyo na maana, hata nguo za jirani kwenye kamba.

Fidia yenyewe ni habari nyingine. Kwanza iliulizwa kama kibarua wa kutwa ni mfanyakazi. Ikajibiwa kwamba ni mfanyakazi. Kisha ikaulizwa kama alikuwa kibarua wa Bosi Mihayo au wa Khalidi, maana aliyekuwa akiwaita asubuhi ni Khalidi, na Khalidi akaulizwa naye akasema yeye ni filimbi tu. Kisha karatasi zikapelekwa Dar es Salaam, na kila Paskazia alipokwenda aliambiwa hazijarudi. Huko Igogo, wanawake wa ndoo waliletewa miwani, moja, ya kuchomelea vyuma, kioo cheusi, wavae kwa zamu. Aliyeivaa hakuona pa kukanyaga. Sihaba aliivaa siku moja, akajikwaa, akaitundika kwenye pembe ya mbuzi wa Khalidi. Ndiyo, mbuzi yule yule, maana bosi hakutaka kumpeleka nyumbani kwake, akamwachia Khalidi.

Karatasi ziliporudi, waliitwa tena kwenye benchi refu. Bosi Mihayo alikuwa amejiandaa.

"Mzee," alimwambia Afisa, "mimi sikatai. Lakini mwangalie. Amekuja mwenyewe, hakushikwa mkono, amepanda ngazi. Kazi yake ni kubeba maji. Maji yanabebwa kwa kichwa. Jicho moja kwa mbeba maji si sawa na jicho la fundi."

Afisa alikohoa na kumtazama Paskazia, kana kwamba hilo lilikuwa swali la haki.

"Mama, unasemaje?"

Paskazia alikuwa amekaa upande wa kulia wa benchi, bosi akiwa kushotoni mwake, na kwa upande ule kulikuwa na ukuta mweusi tu, na sauti ya taratibu ikitoka ndani yake. Aliinuka, akaliburuta lile benchi mpaka likalia sakafuni, Bosi Mihayo akiwa amekaa juu yake ikambidi ainuke, Paskazia akaligeuza, akakaa tena, safari hii bosi akiwa kuliani kwake, akimwona.

"Nasema nilikuwa mchambuzi wa pamba kabla sijawa mbeba maji," alisema. "Na nilikuwa na macho mawili kabla sijawa wako. Aandike jicho. Asiandike ndoo."

Afisa aliandika kitu. Akaandika kingine. Akatazama saa, akatazama feni isiyozunguka, akasema bado kuna sahihi ya daktari inayotakiwa, na daktari amekwenda semina, basi waje wiki ijayo.

"Wiki ijayo nina shughuli," alisema Bosi Mihayo.

"Mimi nitakuja," alisema Paskazia, na hakuinuka mpaka bosi alipotangulia kutoka.